Je, Kipindi Kimekwisha?



Miongoni mwa maswali yanayoulizwa na ndugu walioingia karibuni katika Uislamu, na hata na wale ambao wangali wakichunguza, liko moja ambalo aghalabu huulizwa mwisho kabisa, wakati mwulizaji amekwisha simama ili aende zake. Halihusu sala wala saumu. Kijana mmoja wa Nangurukuru, pale njia ya Kilwa Masoko inapoachana na barabara kuu ya Lindi, aliniuliza hivi huku akitazama viatu vyake: "Mwalimu, mimi ninazo tamthilia mbili ninazozifuata kila usiku. Moja inakaribia kwisha, na nimekwisha ambiwa habari za nyingine iliyo nzuri zaidi. Je, nikisilimu, itanipasa kuziacha?"

Sikumjibu siku ile. Nilimwambia kwamba nitafikiri, na kusema kweli nilikuwa na sababu yangu ya kutojibu upesi, ambayo nitaieleza hapo mbele bila kuficha. Leo namjibu yeye, na pamoja naye nakujibu wewe msomaji ambaye huenda unalo swali hilohilo moyoni.

MAJIBU MAWILI MEPESI

Jibu la kwanza jepesi ni kusema: "Haramu! Itupe televisheni nje." Mwenye kusema hivi hulifukuza swali, lakini halijibu. Historia ya Mtume Muhammad s.a.w. inatuonyesha kwamba Wahabeshi walipokuwa wakicheza kwa mikuki msikitini Madina, yeye hakuwafukuza, bali alisimama akimkinga mkewe, Bibi Aisha r.a., ili apate kuwatazama, na akaendelea kusimama hivyo mpaka Bibi Aisha mwenyewe akatosheka. Basi kutazama mchezo hakuwi dhambi kwa sababu tu ni kutazama. Yafaa msomaji aliweke akilini tukio hili, maana tutalirudia: mtazamaji alikuwa pamoja na mwenzake, na alipotosheka aliondoka.

Jibu la pili jepesi ni kusema: "Huo ni mchezo tu, haudhuru wala haufai." Hili nalo si kweli, na ushahidi umo humuhumu nchini mwetu. Mwaka 1993 Radio Tanzania ilianza kutangaza mchezo wa mfululizo ulioitwa Twende na Wakati. Ndani yake alikuwamo dereva wa lori, jina lake Mkwaju, aliyekuwa na wanawake kila alikopita, na mwisho wake ukawa ugonjwa wa UKIMWI. Katika miaka 2 ya kwanza mchezo huo haukurushwa na mitambo ya Dodoma, na kwa hiyo watafiti waliweza kuwalinganisha watu wa huko na wale wa sehemu nyingine waliousikia. Walikuta kwamba pale uliposikika, watu wengi zaidi walianza kufuata uzazi wa mpango na kupunguza idadi ya wapenzi. Mchezo wenyewe haukumlazimisha mtu jambo lolote. Ulikuwa ni kisa tu, kikiingia nyumbani mara kwa mara kwa sauti ya kupendeza. Kama kisa cha kubuni kinaweza kumgeuza mtu kuelekea wema, nani atathubutu kusema kwamba hakiwezi kumgeuza kuelekea upande mwingine?

Kwa hiyo anayeharamisha kila kitu amekosea, na anayepuuza kila kitu amekosea vilevile. Inatupasa kutafuta njia baina ya hao wawili.

FAIDA TULIYOIPATA

Kwanza tuitendee haki televisheni yenyewe. Ndugu zetu wa Zanzibar waliipata tangu mwanzo wa miaka ya 1970, tena ya rangi. Lakini sisi wa Bara hatukuwa na kituo hata kimoja mpaka mwaka 1994. Baadaye, mitambo ya zamani ilipoanza kuzimwa tarehe 31 Desemba 2012, king'amuzi kikawa chombo cha lazima kwa mwenye kutaka kutazama. Leo ukipita katika vijiji vya pwani ya Kilwa na Lindi baada ya fedha za korosho au ufuta kulipwa, utaona dishi jipya juu ya paa, hata paa la makuti, na kipande cha sola kando yake. Asiye na chombo nyumbani huenda kwenye kibanda umiza na kulipa kiingilio chake.

Pwani hii haikuanza leo kupokea mambo ya mbali. Katika magofu ya Kilwa Kisiwani vimeokotwa vigae vya vyombo vya Kichina vya karne nyingi zilizopita. Wazee wetu walikula katika sahani za Wachina, lakini hawakujua Mchina anakaaje na mkewe nyumbani. Mwaka 2011 TBC ilionyesha tamthilia ya Kichina iliyotiwa sauti za Kiswahili, juu ya mke kijana aitwaye Doudou na mama wakwe zake. Watanzania wakacheka, kwani walimwona mama mkwe wa Beijing akisema maneno yaleyale ya mama mkwe wa kwetu. Hata Rais Xi Jinping wa China, alipohutubia Dar es Salaam mwezi Machi 2013, aliitaja tamthilia hiyo. Nasi tunaofundishwa na Kurani Tukufu kwamba Mwenyezi Mungu aliwafanya wanadamu mataifa na makabila ili wapate kujuana, hatuwezi kudharau jambo linalomfanya mvuvi wa Kivinje amjue Mchina kuwa ni binadamu mwenziwe.

Basi kisa chaweza kuwa neema. Lakini neema nayo ina kipimo chake, na kipimo hicho ndicho ninachotaka tukiangalie sasa.

KISA CHENYE MWISHO NA KISA KISICHO NA MWISHO

Bibi zetu walituita kwa "Paukwa!" nasi tukaitika "Pakawa!" Hadithi ilikwenda, ikafika mwisho wake, na watoto wakaenda kulala. Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi alipotunga utenzi wake juu ya Vita vya Maji Maji, aliutungia mwanzo na mwisho, na msikilizaji aliyeusikia wote aliinuka akiwa na jambo la kufikiri. Katika Kurani Tukufu yenyewe, Sura ya 12 imesimulia kisa cha Nabii Yusuf a.s. kwa aya 111. Kinaanza kwa ndoto, na mwishoni ndoto hiyo inatimia, ndugu wanasameheana na baba anampata mwanawe. Kisa kimetimia, kinachobaki ni wewe kutenda.

Iko namna nyingine ya kusimulia. Katika Alfu Lela Ulela, Shahrazadi aliyekuwa akikabiliwa na upanga wa mfalme alikatiza hadithi yake alfajiri mahali patamu, ili mfalme amwache hai mpaka usiku wa pili apate kusikia yaliyobaki. Hila ile ilikuwa njema, kwa sababu iliokoa roho yake na roho za wanawake wengine. Lakini hila hiyohiyo sasa imekuwa biashara. Tamthilia ya kila siku hukatizwa pale mlango unapofunguliwa nasi hatujamwona anayeingia. Nayo haikatizwi ili mtu aokoke na upanga, bali ili wewe urudi kesho, kwa kuwa mwenye kituo hulipwa kwa kurudi kwako, ama kwa matangazo ya biashara, ama kwa kifurushi unachonunua.

Chukua mfano wa Isidingo, tamthilia ya Afrika Kusini ambayo watu wengi wa Tanzania waliifuata kwa miaka mingi katika ITV. Ilianza kwao mwaka 1998, ikakoma mwezi Machi 2020. Mtoto aliyezaliwa ilipoanza alikuwa mtu mzima ilipokoma. Tena haikukoma kwa sababu kisa kimetimia, bali kwa sababu kituo kilichoionyesha kiliamua kuisimamisha. Kisa cha namna hiyo hakina mahali pa kumwambia mtazamaji: "Sasa inuka, nenda nyumbani kwako."

Na moja inapokoma, mtu hujiona kama aliyefiwa. Hapo huanza kazi ya kutafuta nyingine. Huuliza kwa kinyozi, huuliza kwenye kijiwe cha bodaboda, hupeleka flashi kwa kijana wa kompyuta ili atiliwe misimu 3 kwa mpigo. Siku hizi hata hana haja ya kuuliza. Simu yake yenyewe, ikiwa imehesabu aliyoyatazama jana, humwekea mbele yake ya leo; na sehemu moja ikimalizika, inayofuata huanza yenyewe baada ya sekunde chache, bila mtu kugusa kitu.

Hapa ndipo nakuomba, ndugu msomaji, usimame kidogo. Wewe unayeujua Uislamu kwa muda mfupi umekwisha fundishwa kwamba amali zetu huhesabiwa kwa nia. Sala isiyo na nia si sala; mwenye kushinda na njaa bila nia hakufunga. Mwislamu basi ni mtu anayejua kwa nini ameanza jambo, na lini atalimaliza. Sasa niambie: sehemu ya 2 iliyoanza yenyewe, nia yake ilikuwa ya nani? Hukuichagua wala hukuikataa. Umekaa tu, na usiku umekwenda. Kinachochukuliwa hapo si macho peke yake, bali ule uwezo wa kusema "naanza" na "nimemaliza", ambao ni katika heshima kubwa alizopewa mwanadamu.

Tena tufanye hesabu ndogo. Mwenye kutazama saa 2 kila usiku, kwa mwaka mmoja ametazama saa 730. Hizo ni siku 30 kamili, mchana na usiku pasipo usingizi. Yaani ni kama Ramadhani nzima. Mwenyezi Mungu ameapa kwa wakati katika Sura Al-Asr, sura fupi ambayo hata mwanafunzi wa juzi ameihifadhi, na akaeleza humo kwamba mwanadamu yumo katika hasara, ila wale wenye imani na matendo mema wanaousiana haki na subira. Sisemi kwamba saa hizo zote ni hasara. Nasema tu kwamba anayetoa mwezi mzima wa umri wake kila mwaka anapaswa ajue ameutoa kwa nini.

USIKU MMOJA KIVINJE

Sasa nitalipa deni langu la kueleza.

Mimi naishi Kilwa Kivinje, katika nyumba yenye baraza ya mbele. Usiku mmoja baada ya sala ya Isha nilikuwa ndani natazama tamthilia niliyokuwa nimeifuata kwa miezi. Jirani yangu, mzee mvuvi aliyenizidi umri kwa mbali, akapiga hodi. Nikamtuma mwanangu: "Mwambie babu asubiri kidogo, inakwisha sasa hivi." Mtoto akaenda, nikasikia akimwamkia na mzee akimwitikia, kisha nikasikia akiketi barazani.

Ile "sasa hivi" yangu ikapita nusu saa, maana pale penyewe nilipopangojea pakaja matangazo ya biashara. Nilipotoka, baraza ilikuwa tupu. Nikajiambia kwamba bila shaka halikuwa jambo kubwa, kwani lingekuwa kubwa angengoja au angeita tena. Nikarudi ndani. Tamthilia ya pili ilikuwa imekwisha anza.

Asubuhi mjukuu wake akanieleza. Mkewe alikuwa ametoka hospitali siku ile na dawa za namna 2. Macho ya mzee hayawezi tena maandishi madogo, na mjukuu hakuwapo usiku ule. Alikuja nimsomee karatasi, ajue ipi inywewe kabla ya kulala. Alipoona sitoki alirudi kwake, akaogopa kukosea, na kwa hiyo hakumpa yoyote. Bibi yule akakesha kwa maumivu. Kwa rehema ya Mungu alipona, lakini usiku ule hakuna awezaye kumrudishia.

Nilikwenda kuomba radhi. Mzee akanijibu: "Haidhuru, mwanangu. Ulikuwa na shughuli." Neno hilo "shughuli" limenikaa moyoni kuliko tusi. Na jambo linaloniaibisha zaidi ni hili: katika tamthilia ya usiku ule alikuwamo mama mgonjwa, nami nilikuwa nimeketi nikimhurumia kwa dhati mwanamke asiyekuwapo duniani, ilhali mume wa mgonjwa wa kweli ameketi barazani kwangu na karatasi mkononi.

Tangu siku ile mzee hapigi hodi tena usiku. Akiwa na haja husimama chini ya ngazi, humwita mtoto polepole na kumwuliza: "Mjukuu wangu, kipindi kimekwisha?"

SULTANI ALIYESIMAMISHWA NJIANI

Watu wengi wa Tanzania wameipenda tamthilia ya Kituruki juu ya Sultani Suleiman, aliyetawala kutoka 1520 hadi 1566, nayo imetiwa sauti za Kiswahili. Watoto wa Kilwa wanaweza kukutajia wake na mawaziri wake. Lakini Kilwa ilikuwa na sultani wake aliyetangulia karibu miaka 200, na habari zake zatufaa hapa.

Mwaka 1331 msafiri Ibn Battuta alifika Kilwa na kumkuta Sultani Hassan bin Suleiman, aliyeitwa Abul-Mawahib kwa sababu ya vipawa alivyokuwa akivitoa. Anasimulia kwamba siku moja ya Ijumaa, sultani alipokuwa akitoka msikitini kurudi kwake, fakiri mmoja kutoka Yemeni alimsimamisha njiani na kumwomba nguo alizokuwa amevaa. Sultani alikubali. Akarudi msikitini, akaingia katika nyumba ya khatibu, akavaa nguo nyingine, na zile akampa fakiri. Yako mambo ya zama hizo ambayo hatuyasifu, kwa kuwa hata watumwa walitolewa kama zawadi katika habari hiyohiyo. Lakini kule kusimama njiani ni jambo la kusifiwa. Mtu mwenye ufalme na shughuli za ufalme alisimamishwa na mgeni asiye na kitu, wala hakutuma mtumishi aseme: "Mwambie asubiri kidogo."

Na uko mfano mkubwa kuliko huo. Mtume s.a.w. ameeleza kwamba aliposimama katika sala akikusudia kuirefusha, kisha akasikia mtoto analia, aliifupisha kwa kumhurumia mama yake. Fikiri, ndugu yangu! Sala ndiyo nguzo ya dini, na ndani yake mja yu mbele ya Mola wake. Nayo ilifupishwa kwa ajili ya kilio cha mtoto. Basi ni tamthilia gani hiyo isiyoweza kufupishwa kwa ajili ya hodi ya jirani?

Mtu atasema: "Lakini hata zamani, kabla ya televisheni, barazani palijaa umbea na bao, na majirani walisahauliwa vilevile." Ni kweli, wala sidai kwamba wazee wetu walikuwa malaika. Tofauti ni kwamba mcheza bao aliyeketi nje aliweza kumwona mzee anapita na karatasi mkononi. Aliyejifungia ndani na picha hamwoni mpaka aitwe, na akiitwa haji.

JIBU LANGU

Kwa hiyo, kijana wangu wa Nangurukuru, hili ndilo jibu langu. Sikuamrishi uache. Nakupa mambo manne ya kuyashika.

Kwanza, kabla ya kuanza tamthilia mpya, weka nia. Jiulize unaitafuta kwa sababu gani: ni kwa kuwa kisa chake ni chema, au ni kwa kuwa unaogopa usiku usio na picha? Ikiwa ni hofu hiyo, kaa kwanza usiku mmoja pasipo kitu chochote, ujue ni nini hasa unachokikimbia.

Pili, chagua ile ambayo ungeweza kuitazama mama yako akiwa ameketi kando yako, na ambayo ukiulizwa asubuhi ilihusu nini, utajibu bila kutafuta maneno. Na mkitazama pamoja, zungumzeni. Bibi Aisha r.a. hakutazama peke yake.

Tatu, wewe ndiwe umalize, isikumalize yenyewe. Katika simu yako zima ile namna ya sehemu kuanza bila kuitwa. Sehemu moja ikitosha, inuka hata kama mlango unafunguliwa na hujamwona anayeingia. Mara ya kwanza utaona taabu. Mara ya kumi utaona kwamba ulimwengu haukuharibika.

Nne, nalo ni kubwa kuliko yote: hodi ikipigwa, au adhana ikisikika, au mtoto akilia, iwe hiyo ndiyo saa ya kuujua moyo wako. Ukiinuka kwa wepesi, tamthilia yako ni pumbao la halali, na Mungu akubariki. Ukiinuka kwa uzito, jua kwamba kimekwisha kuwa kitu kingine. Na usipoinuka kabisa, basi usiniulize mimi kama ni haramu. Muulize yule aliyeketi barazani.

Nami sijaiuza televisheni yangu. Ila kiti changu nimekihamisha, kikaelekea mlangoni, na mlango nauacha wazi mpaka tutakapolala. Mzee angali akiuliza swali lake chini ya ngazi, kwa kuwa imani iliyovunjika haijengwi kwa juma moja. Kila anapouliza mimi hutoka mwenyewe, nikamwamkia na kumwambia: "Karibu, mzee wangu. Hakuna kipindi." Huenda iko siku atapanda ngazi na kupiga hodi kama zamani. Naingojea siku hiyo kwa hamu kubwa kuliko niliyowahi kuingojea sehemu yoyote ya tamthilia.

Mwenyezi Mungu atujaalie macho yanayowaona walio karibu nasi, masikio yanayosikia hodi mara ya kwanza, na nyakati zenye nia mwanzo wake na shukrani mwisho wake. Amin.